Kakao ya Uchagani

Jumapili, 12 Januari

Lidia wangu ameshinda! Chokoleti yake imeshika nafasi ya pili Dar es Salaam, mashindano ya nchi nzima na majirani zake, na karatasi iliyofungia hiyo chokoleti ina sura yangu mimi Vénérande, nimejifunga kitenge cha njano, nacheka meno yote nje. Haya, sasa ndiyo nawasalimu nyie mtakaosoma. Hamjambo.

Nasema mtakaosoma kwa sababu Lidia ndiye aliyeniletea daftari hili Krismasi. Alisema niandike msimu wote, mvua, mavuno na watu, halafu atapiga picha kurasa aziweke mtandaoni wateja wanijue. Mimi nimemaliza la saba, Mishamo, na mwandiko wangu mwalimu aliwahi kuupitisha darasa zima wauone. Basi nijueni. Naishi Sibwesa, mume wangu ni Pontien, wazazi wetu walitoka Burundi, sisi ni Watanzania na vitambulisho tunavyo. Watoto wote ni wazuri, ila wa chuo ni mmoja. Lidia amesomea mambo ya vyakula Morogoro, na sasa ana karakana yake ya chokoleti Mpanda mjini, Nsemulwa, chumba kina kiyoyozi kama benki.

Majaji, kwa alivyonisomea kwenye simu, walisema chokoleti yetu ina ladha ya zabibu, halafu ndimu kwa mbali, halafu inamaliza safi. Zabibu mimi nimekula kwenye pilau ya Idi kwa rafiki yangu Zuleha kule Karema, basi. Lakini kama majaji wamezikuta humo, zimo.

Pontien kasema nafasi ya pili si ya kwanza. Nikamkumbusha kwamba hata yeye alikuwa posa ya pili.

Jumatano, 15 Januari

Mvua kutwa. Kakao iko uchagani, juu ya moto wa jikoni.

Jumapili, 19 Januari

Leo nawaeleza kazi yenyewe, maana Lidia anasema walaji wa chokoleti ya mikono hawali tu, wanauliza imetoka wapi na nani kaigusa.

Nimeigusa mimi. Miche ilipoletwa na bwana shamba, watu walicheka, wakasema huo ni mti wa kivuli cha mbuzi. Mimi nikapanda bondeni katikati ya migomba. Ilipozaa, wanawake wenzangu wakafuata: Matilda, Kasilda mama Ubaldo, na wengine wa bonde hili. Siku ya kuchuma wanakuja kwangu. Tunapasua maganda kwa rungu, panga hapana, linajeruhi mbegu. Mbegu zinatoka nyeupe, zina ute, tunazimwaga kwenye umuvure, ule mtumbwi wa mti wa kukamulia ndizi za pombe, aliouchonga baba mkwe. Tunafunika majani ya mgomba. Zinapata joto, zinatoa jasho, zinanukia mpaka Pontien anapitapita pale akijifanya anatafuta jembe. Hapo tunageuza na kugeuza mpaka ziwe kahawia.

Kisha kukausha. Jua la Januari huku ni mgeni wa kupita, hata kiti hakalii. Wengine wangeziacha ziote ukungu. Sisi tunazipandisha uchagani, juu ya mafiga, pale inapokaa mbegu ya mahindi na ya maharage. Mama mkwe alinifundisha siku ya kwanza kuingia jikoni kwake: cha kula weka ghalani, cha kesho weka juu ya moto. Moshi unafukuza mdudu. Ukienda kwa mtu ukataka kujua anathamini nini, tazama uchaga wake. Kwa hiyo mjue, wateja, kakao yenu haikulala popote tu. Imelala mahali pa mbegu.

Jumapili, 26 Januari

Lidia ametuma kipande cha ile chokoleti iliyoshinda, kimekuja na Ngusa, huyu Msukuma mwenye pikapu anayebeba magunia yetu mpaka mjini. Baada ya ibada nikawakusanya wanawake uani nikawafundisha kuonja, kama Lidia alivyonifundisha mimi. Kwanza itazame kama inang'aa. Ivunje karibu na sikio, ikilia kama kijiti kikavu ni nzuri, ikikunjika ni mafuta ya hovyo. Usitafune. Iweke ulimini ukae kimya, useme inaanza na nini, katikati kuna nini, inaaga na nini.

Matilda alishindwa kukaa kimya, akameza. Wengine wakasema tamu, tamu, wakaishia hapo. Kasilda alifumba macho muda mrefu mpaka tukadhani anasali. Huyu ni Mbende, mwenyeji wa hapa kabla yetu, na ulimi wake haujawahi kuchukua likizo.

"Mama Lidia," akasema, "hii si yetu."

Nikamuuliza kwa nini.

"Yetu naitafuna kila siku nikichambua. Inaaga na jiko. Hii inaaga na hewa."

Nikamweleza kwamba mashine zinasafisha, ndiyo maana mtu anakwenda chuo. Akasema sawa, mama mwenye picha. Wanawake wakacheka. Mimi pia nikacheka, lakini chai yake sikuijaza.

Jumapili, 2 Februari

Mvua. Kasilda hakuja kupasua. Sijamwita.

Ijumaa, 7 Februari

Mvua. Kuni zimelowa, moshi mwingi, kakao inakauka vizuri sana.

Jumatatu, 10 Februari

Ngusa amekuja kuchukua magunia. Kama kawaida akaanza utani wake, kwamba sisi Warundi tunapenda ndizi mpaka kakao tunaivisha majani ya mgomba, nami nikamjibu kwamba yeye angeivisha ngozi ya ng'ombe. Halafu akasema jambo akiwa anafunga kamba, wala hakulikusudia.

"Lakini mama, mwanao anakula kakao kama moto. Yenu nampelekea, na ile ya basi la Mbeya nayo naishusha mimi stendi."

Nikasema mwenye kazi kubwa haachi kuongeza. Akaitika, akaondoka. Mimi nilibaki nimesimama na mvua ikaanza tena nami niko palepale.

Alhamisi, 13 Februari

Ukungu asubuhi, mvua mchana. Maneno ya Ngusa nimeyameza lakini hayashuki.

Alhamisi, 20 Februari

Kurasa hizi Lidia hatazipiga picha.

Nilipanda pikapu ya Ngusa na jogoo na mkungu wa ndizi, bila kupiga simu, kama mama anavyokwenda kwa mwanawe. Njia mbovu, tulisukuma mara kadhaa. Nilifika Nsemulwa nina matope mpaka kwenye kilemba. Lidia alinipokea kwa furaha ya kweli, akanivua viatu mwenyewe, akaninawisha. Kisha akapokea simu ya mteja akatoka barazani, kwa sababu ndani mashine zinanguruma.

Mimi nikapita nyuma kuweka jogoo. Nikakuta mlango wa stoo.

Magunia yetu nayajua. Midomo yake naishona mwenyewe kwa vipande vya kitenge chakavu, hakuna mwingine anayefanya hivyo. Yalikuwa yamepangwa ukutani, midomo yake imefungwa vilevile, vitenge vyangu vimeota vumbi. Mengine nayakumbuka ni ya mwaka jana, maana kitenge kile kilikuwa cha msiba wa wifi yangu. Mbele yake yapo magunia mengine, mapya, yamefunguliwa, na upawa umo ndani.

Nikachukua punje moja ya gunia lile la mbele. Nikaiponda kwa meno. Nikakaa kimya kama nilivyofundishwa. Ikaanza na uchungu, katikati ikawa tamu, na zile zabibu za majaji nikazikuta. Zilikuwepo kweli. Ndimu nayo ikaja kwa mbali. Ikaaga na hewa.

Lidia aliporudi alinikuta nimekaa juu ya gunia letu. Hakuuliza nafanya nini.

"Hizi za mbele za wapi?" nikamuuliza.

"Za Kyela, mama, kule Mbeya."

"Na iliyoshinda?"

Akatazama mashine kama itamsaidia. "Ya Kyela."

"Sisi je?"

"Mama, kakao yenu inanuka moshi. Tangu mwaka wa kwanza. Moshi ukiingia kwenye kakao hautoki, hata ukaange, hata usage siku tatu. Nimejaribu. Mnunuzi akionja anatema. Nilishindwa kukwambia."

"Ulishindwa kuniambia, ukaweza kubandika uso wangu."

Akaanza kulia. Akasema alikuwa ananilinda. Akasema wanawake wote amewalipa bei yao bila kupunguza, hakuna aliyedhulumiwa, na kakao yenyewe nyingine ameiuza kwa mtu wa kukamua mafuta ya sabuni. Sabuni. Nimegeuza ile kakao kwa mikono hii ikiwa moto, nimeamka kuitazama kama mtoto mwenye homa, na imekwenda kuwa sabuni. Nikamuuliza kama ilikuwa lazima aseme ni ya Sibwesa, kwa nini hakuandika Kyela akawapa watu wa Kyela sifa yao.

"Mama, watu wanakununua wewe," akasema. "Kakao ziko nyingi. Wewe uko mmoja."

Labda alidhani ananisifu. Mimi nilisikia kama nimewekewa bei nikiwa hai.

Kisha likaja lililoniangusha kabisa. Baada ya mvua wageni wanakuja Sibwesa, wanunuzi wa Dar na mmoja wa wale majaji, kuona chokoleti ilikozaliwa. Ameshawakubalia. Akanishika mikono, akaniomba niwaonyeshe miti, umuvure na majani ya mgomba, niwachekee kama nilivyocheka kwenye picha.

"Jiko tu ndiyo usiwaonyeshe," akasema.

Nikachukua kilemba changu nikatoka. Jogoo nilimwacha, hakuwa na kosa.

Ijumaa, 21 Februari

Nimerudi. Pontien ameuliza habari za mjini, nimesema nzuri.

Jumapili, 23 Februari

Katekista ametangaza kanisani ushindi wa Lidia, eti mama mzazi asimame. Nikasimama. Nikapunga mkono. Watu wakapiga makofi, na Kasilda naye akapiga. Nikakaa kama mwizi aliyepewa ufunguo.

Ijumaa, 28 Februari

Mvua. Kakao iko uchagani. Nimeitazama kutoka chini muda mrefu.

Jumatano, 5 Machi

Leo Majivu. Tulipotoka kanisani nikamwambia Pontien yote, njiani, tukitembea, kwa sababu uso kwa uso nisingeweza. Nilidhani atakasirika. Alitembea tu. Baadaye akasema, "Huyu mtoto moshi ulimkera tangu zamani. Humkumbuki alipoanza fomu wani?"

Nikakumbuka. Alikuwa akija likizo hataki sare zake zikae nyumbani, anazipeleka kwa Matilda kwenye bati na jiko la mkaa. Nilijisifu kwa kila mtu, binti yangu msafi. Kumbe alikuwa ananusa nguo kabla ya kuzivaa. Watoto wa mjini lazima walimsema. Mwana wanje, mwanangu mimi. Nilimwonea huruma pale njiani, wallahi nilimwonea, halafu huruma ilipofika kwenye lile neno la jiko ikagoma kuvuka.

Jumapili, 9 Machi

Nimewaambia wanawake. Sikupamba.

Matilda akauliza, "Kwa hiyo miaka yote hii tulikuwa tunalipwa huruma?" Kasilda nilimwogopa kuliko wote, nikajua sasa atanisuta. Alikaa akachezea ganda la kakao, kisha akasema mwezi jana alinunua sabuni mjini, nyeusi, yenye harufu nzuri, na labda alikuwa anajiogea mwenyewe. Tukacheka mpaka mmoja akalia.

Lakini mazungumzo yakapasuka. Kasilda anataka miti ikatwe. Matilda, ambaye nilitegemea awe na mimi, akasema tunyamaze. Wageni wakija wakafurahi huenda wakatujengea kitu, tukisema ukweli wataondoka na hakuna atakayekanyaga tena Sibwesa. "Kucheka unajua, Mama Lidia," akasema. "Cheka mara moja tena, kwa ajili yetu." Na wengi wakainamisha vichwa kwa namna ya kukubali.

Mimi ndiye niliyewaambia wapande. Jina langu ndilo walilolipanda pale bondeni. Nikicheka, na wao nimewaingiza katika uongo wa mwanangu. Nikikataa, nimewanyang'anya hata hicho kidogo. Niliwaomba muda.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Simu ya Lidia imeita, sikupokea.

Jumapili, 16 Machi

Imeita tena. Pontien kaipokea, wamezungumza habari za migomba.

Jumapili, 30 Machi

Amekuja mwenyewe. Amekuja na mabuti ya mvua na begi moja. Sikumkaribisha sebuleni. Nilikuwa nachochea maharage, nikamsogezea kigoda palepale kwenye mafiga, akaketi. Macho yakamtoka machozi. Ya moshi au ya kwake, sikuuliza.

Akaniomba radhi, vizuri, kwa kupiga magoti kama tulivyomlea. Nikasema nimesikia. Kusikia si kusamehe, na anajua. Kisha nikamuuliza swali lililokuwa limenikaa kooni tangu Nsemulwa: huo moshi una dawa?

Akasema una dawa. Unajenga kichanja nje, unakifunika kwa nailoni nyeupe kama banda, pembeni unaacha upepo upite. Jua hata likiwa dogo linaingia, mvua haiingii. Kakao inakauka bila moto.

"Nailoni," nikasema.

"Ndiyo, mama."

"Hii inayouzwa dukani kwa mita?"

"Ndiyo, mama."

Niliacha mwiko. Miaka yote hii dawa ilikuwa nailoni. Angesema mwaka wa kwanza ningenuna, ningemwambia amesahau kwao, ningesusa hata mwezi. Halafu ningekwenda dukani. Leo zabibu zingekuwa zetu. Hakuniona kama mtu wa kuambiwa. Aliniona kama mtu wa kupigwa picha. Hapo ndipo ninapoumia, si kwenye sabuni wala kwenye nafasi ya pili. Nilimwambia hivyohivyo kama nilivyoandika hapa.

Nikampa masharti. Wageni waje, sitawazuia. Ila atengeneze chokoleti ya kakao yetu kama ilivyo, na moshi wake, ailete mezani pamoja na ya Kyela, zote zionjwe. Jiko nitawaonyesha. Na atakayesimama kuwaeleza ni yeye.

"Watatema, mama."

"Wateme mbele yangu."

"Nitapoteza kila kitu."

"Utapoteza wateja," nikamwambia. "Kusoma hutapoteza, mikono hutapoteza. Mimi nikinyamaza nitamtazamaje Kasilda kisimani? Na uso wangu nirudishie. Usiuchape tena."

Akakaa mpaka maharage yakaiva. Alikula mawili matatu. Aliondoka na gunia letu moja, Ngusa akalitupa garini bila utani.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua imepungua. Pontien na Ubaldo wa Kasilda wamejenga kichanja, nailoni nimenunua mimi. Nilipoifunika nilikuwa na hasira mpaka nikaichana pembeni. Nimeishona kwa kitenge.

Jumapili, 13 Aprili

Chokoleti yetu imefika, imefungwa karatasi nyeupe, haina picha. Tukaonja wote uani. Niseme ukweli, nilitamani iwe tamu. Nilitamani sana majaji waaibike. Ilivunjika vizuri, ikalia sikioni, ikang'aa. Halafu ulimini ikawa chungu, ikakwaruza, moshi ukaja kabla ya kitu kingine chochote na haukuondoka mpaka jioni. Matilda aliitema kwenye kiganja. Pontien akasema inafaa kufukuza nyuki.

Kasilda peke yake aliimaliza. Akalamba vidole. "Hii naijua," akasema.

Baada ya hapo Matilda alinisogelea akasema basi, na usemwe huo ukweli, maana kitu kibaya kiasi kile hakifichiki kwa kucheka. Wengine wakakubali. Kasilda naye kakubali, miti haikatwi.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Jua. Kakao ya kwanza iko chini ya nailoni, inanukia kama mkate. Nimeonja punje moja. Sijui kama ni zabibu, sitajisifu, nimejifunza.

Lidia amepiga simu, nimepokea. Wageni wamethibitisha. Amewaandikia tayari kwamba kuna jambo atawaambia wakifika, na mmoja wao amesema haji tena. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nikamwambia aje mapema, siku moja kabla, ale ashibe alale, kwa sababu maneno yale mtu hayasemi na njaa. Sijamsamehe. Lakini ni wangu, na hata mtu aliyekukosea unampikia.

Mwenyekiti wa kijiji alitaka kuniwekea kiti mbele, pembeni ya wageni, na kitambaa juu yake. Nimekataa. Lidia ataketi mbele peke yake. Mimi nitakaa mkekani na wanawake wenzangu, kati ya Matilda na Kasilda, nisikie kama wao wanavyosikia. Kasilda kasema nisipochelewa ataniwekea nafasi.

Basi waje wote, wanunuzi na jaji wao, mwenyekiti, katekista, Ngusa na pikapu yake, Zuleha atoke Karema na wanawe, na yeyote aliyewahi kununua sura yangu. Ni Jumamosi, tarehe 3 Mei.